Jamhuri ya Shirikisho ya Ghorofa ya Tatu

Ijumaa, 6 Februari 2015

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili. Hata Mungu nimemwambia kwa kuzunguka tu. Nataka kutawala.

Nimeliandika, nimelitazama, halijafutika. Mimi Lynette, ambaye jana nilikula mayai bila chumvi kwa kuwa niliona haya kumwomba mtu anisogezee kopo, nataka kutawala. Si nchi. Nchi baadaye. Kwanza fleti hii ya Karama, hapa Dubai.

Sababu ninayo. Mchana nimerudi kutoka kanisani na shangazi Teresiah (nyumbani Ol Kalou hawaamini hadi leo kwamba huku ibada ni Ijumaa) tukamkuta Bi Hilwa sebuleni, kajitandaza kwenye kochi kama ramani. Bi Hilwa ni Mzanzibari. Alikuja Dubai kabla sijazaliwa, na mkataba wa fleti una jina lake. Sisi wengine wote tumepanga kwake. Hununua vitu vikuukuu, mafriji na vipuri vya magari kutoka Ras Al Khor, akavipakia bandari ya Hamriya viende kuuzwa Unguja. Akaniita. Akasema, mwanangu Lynette, ile roshani nitaitaka niweke mizigo yangu.

Sikungoja aendelee. Nilikimbilia bafuni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia. Sikulia. Lakini bomba lilikuwa tayari.

Roshani ndiko ninakolala! Godoro, feni, pazia la maua na ubao wa kuzuia vumbi. Kwa shangazi hakuna nafasi. Wamebanana humo wahudumu wanne wa hoteli. Nilipotoka bafuni nilimuuliza shangazi nitalala wapi. Alikuwa anavaa viatu vya kazini. Akasema tutaona. Kwa shangazi, "tutaona" ni tikiti ya ndege. Nikikosa kitanda narudi Ol Kalou kukamua ng'ombe wa baba, huku Taghreed, binti wa Bi Hilwa, ambaye hajui hata ng'ombe ana chuchu ngapi, akibaki hapa akipaka kucha rangi.

Hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Huo ni udikteta mtupu.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeamka na serikali kichwani.

Serikali ya shirikisho tuliisoma Kidato cha Nne. Matokeo hayajatoka, lakini A ya Historia na Serikali naijua kama jina langu. Wenzangu walikariri. Mimi nilielewa. Kwa ufupi, kiasi kwamba hata Taghreed angefuata: nchi inagawanywa majimbo. Serikali kuu inashika mambo ya wote, jimbo linajiamulia ya kwake, na nani ana madaraka gani inaandikwa katika katiba ambayo hakuna mkubwa anayeweza kuichana kwa sababu ameamka vibaya. Wakigombana, mahakama. Bunge lina mabaraza mawili: katika moja vichwa vinahesabiwa, katika Seneti kila jimbo ni sawa, dogo kwa kubwa.

Dogo kwa kubwa! Hapo machozi yalinitoka kweli.

Basi. Majimbo manne. Chumba Kikubwa, cha shangazi na wenzake wa hoteli. Chumba Kidogo, cha Rosette wa supamaketi na Fridah mlinzi. Sebule, ya Bi Hilwa na Taghreed. Na Roshani, yenye mwananchi mmoja mtiifu. Jiko, bafu, gesi na mlango wa nje ni mambo ya shirikisho.

Uzuri wa kutunga katiba peke yako ni kwamba hakuna mjinga wa kukukatiza. Nimefikiria kila kitu. Jimbo haliwezi kuunganishwa na jingine bila idhini ya wengi wa wakaaji wake waliohudhuria kikao. Wengi wa wakaaji wa Roshani ni mimi! Kikao ni halali nusu ya majimbo ikiwepo, maana humu kila mtu ana zamu yake na tukingoja wote tutangoja Kiyama. Kupiga kura kwa simu marufuku: Taghreed ana mabinamu Sharjah, Ajman na Al Ain, kila mmoja ana simu na kila mmoja ana maoni. Tena anayehamia Sebule hapigi kura mpaka amalize mwaka, maana mabinamu hao wana tabia ya kulala. Majimbo mengine, kura siku hiyohiyo. Na majimbo yakishaungana hayaachani milele. Hiki cha mwisho nimekitia kwa ajili ya uzuri wake.

Amerika walichukua kiangazi kizima kutunga ya kwao. Mimi nimemaliza kabla ya chai ya saa kumi.

Jumapili, 8 Februari

Nimeibandika kwenye friji asubuhi kwa sumaku ya duka la gesi, nikajifungia bafuni kusikiliza.

Taghreed aliisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Alipofika "Sisi, wananchi wa ghorofa ya tatu" alicheka mpaka akakohoa. Akauliza nani kaandika hii, yule bubu wa roshani? Nilikaza meno. Historia itamkumbuka Taghreed kwa kucha zake tu.

Kisha jambo la ajabu. Bi Hilwa akasema hebu rudia hapo pa jimbo kujiamulia ya ndani. Akarudiwa. Akasema loh, kumbe huyu mtoto ana akili! Yaani nikifukiza udi wangu sebuleni hakuna wa kunipigia chafya? Akaambiwa hakuna. Akasema yalla, naikubali, kalamu iko wapi?

Shangazi ameikubali kwa sababu bafu limepewa ratiba. Fridah ameikubali bila kuisoma, alikuwa katoka zamu na macho yamefumba. Rosette amesema, banange, kwao Uganda wameililia federo, yaani shirikisho, tangu bibi yake ni msichana, na yeye hajawahi kuiona hata sokoni; acha aionje huku ugenini.

Nchi imezaliwa. Nilitoka bafuni nikitegemea makofi. Nimeambiwa nimepitiliza muda wangu kwa mujibu wa ratiba.

Jumanne, 10 Februari

Kosa dogo la kijiografia.

Roshani haina mlango wa nje. Ili nifike kwangu lazima nipite Sebule. Sikuliona jambo hili kwenye karatasi. Ramani sikuchora.

Jana nilipotoka jikoni na chai yangu nilimkuta Taghreed amekaa mpakani, yaani kwenye stuli, na mhuri wa plastiki wa kuchezea watoto. Akaniomba pasi. Nilidhani anatania. Akasema, dada, hii ni Sebule, jimbo lenye mamlaka kamili, umekuja kwa kazi au kwa matembezi? Kafeel wako, mdhamini wako, nani? Nilitaka kumjibu jambo kali sana. Nilisema samahani. Akanigonga mhuri wa bata mgongoni mwa mkono, akasema visa ya kupita, dakika tano, ukizidisha utalipa kwa kuosha vyombo.

Chai ilipoa. Nimeinywa hivyohivyo, kama kiongozi aliye uhamishoni.

Leo ni yaleyale. Na udi! Bi Hilwa anafukiza kama anafukuza mbu wa bara zima. Shangazi alipopita akikohoa aliambiwa mambo ya ndani ya Sebule hayaingiliwi, soma katiba yako kifungu cha nne. Shangazi akaniangalia mimi. Kwa nini mimi? Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuwa mfumo ni mzuri kuliko watu wanaoutumia.

Jumatano, 11 Februari

Nimeenda mahakamani. Jaji Mkuu ni shangazi, niliyemteua mwenyewe kwa sababu hana upendeleo na ni ndugu yangu.

Kesi ilisikilizwa jikoni, jaji akiwa bado na sare ya hoteli, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nilikuwa nimeandaa hoja ndefu. Bi Hilwa alipoingia ilinipotea yote, nikaonyesha tu mkono wenye bata. Jaji akauliza hii ni nini, Lynette, wacha mchezo. Nikanong'ona kwamba uhuru wa kutembea ni jambo la shirikisho. Jaji akasema ongea kama mtu. Nikanong'ona tena.

Hukumu: Sebule inipitishe bila mhuri. Ushindi! Halafu jaji akaendelea. Kamba ya kuanikia nguo iko Roshani, na nguo ni za wote, kwa hiyo Roshani nayo iache majimbo yote yaanike. Sasa nalala chini ya suruali za mlinzi. Nimegundua udhaifu wa mahakama: majaji wanafikiri.

Bi Hilwa hakukasirika hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha. Alisema haya tena, mimi mtu wa sheria. Basi Seneti ikae Ijumaa, Sebule inaomba Roshani iungane nayo, maana mzigo unakuja Jumamosi. Ikapangwa saa nane mchana. Nikaitikia kwa kichwa. Ibada huisha saa sita. Na akili ya kawaida inasema: bila idhini ya Roshani hawezi kitu.

Lakini Taghreed akarusha swali, akitafuna. Jimbo la mtu mmoja ni jimbo gani? Nani alikuchagua? Wote wakacheka. Jaji naye akacheka, maji ya beseni yakamwagika.

Hapo nikapata wazo kubwa kuliko yote. Rosette amekuwa akilalamika kwamba Fridah anakoroma kama jenereta la harusi. Nimemkaribisha ahamie Roshani. Tukiwa wawili hatuchekwi! Amekubali palepale. Amekuja na godoro, mto, na redio ndogo.

Alhamisi, 12 Februari

Uraia si jambo la kugawa ovyo. Nimejifunza.

Rosette anakula njugu kitandani. Anaimba akichana nywele. Anaweka viatu upande wa mashariki, ambao nilikuwa nimeutenga kwa matumizi ya serikali. Nimetunga sheria za jimbo: njugu hapana, redio hapana, kuimba kimoyomoyo. Niliziandika kwenye boksi la biskuti nikamwachia juu ya mto, kwa kuwa kumwambia ana kwa ana sikuweza.

Akaniuliza nani kazipitisha. Nikamwambia serikali ya Roshani. Akauliza uchaguzi lini. Nikamweleza, kwa upole, kwamba uchaguzi utafanyika wakati wake ukifika. Kwa sasa wananchi bado hawajakomaa, na jambo la kwanza ni utulivu. Rosette akaacha kutafuna. Akasema, maneno hayo, nnyabo, mimi nimeyasikia tangu nikinyonya.

Sijui alimaanisha nini. Hawa watu hawana elimu ya uraia. Jioni nilimwona sebuleni akila pilau ya Bi Hilwa, kiyoyozi kikimpuliza, wakimfundisha karata. Diplomasia. Nimefurahi kwamba jimbo langu lina uhusiano mzuri na majirani.

Ijumaa, 13 Februari

Siwezi kuandika. Ngoja niandike.

Asubuhi nilimwambia Rosette asimame imara. Akasema ondoa shaka. Nikaenda kanisani na shangazi kuomba ushindi. Nilikaa katikati ya benchi, safu ya pili. Shangazi alikuwa mlangoni, yeye ni mhudumu wa kupokea wageni.

Mhubiri alikuwa mgeni, Mchungaji Gerishom, kutoka Kisumu. Alihubiri juu ya Gideoni, jinsi wachache walivyowapiga wengi. Niliona kabisa ananisema mimi. Saa sita ikapita. Akasema "namalizia." Nikashika mkoba. Akaanza habari za mitungi na mienge. Akasema tena "namalizia." Nikauachia mkoba. Kulia kwangu magoti yote yale, kushoto magoti yote yale, na mimi ningesimama kanisa zima lingenitazama. Mchungaji angeweza hata kuniuliza unaenda wapi, binti! Katika maikrofoni!

Nilikaa. Nchi yangu ilikuwa inachukuliwa, na mimi nikasema amina.

Nilimwandikia Rosette WhatsApp: napiga kura ya hapana, waambie. Akajibu kwamba Bi Hilwa anasema katiba imekataza kura za simu, na amemwonyesha kifungu, ni kweli kipo, pole.

Tulipofika nyumbani kikao kilikuwa kimekwisha na watu wanakula halua. Nimesimuliwa. Chumba Kikubwa: mmoja mlangoni mwa kanisa, wengine hotelini. Chumba Kidogo: Fridah zamuni, analinda watu wasikimbie kwenye ngazi za umeme. Sebule ilikuwepo, Roshani ilikuwepo. Nusu ya majimbo. Halali. Bi Hilwa alitoa hoja, na Roshani, kwa wingi wa wakaaji wake waliohudhuria, yaani Rosette, ikaridhia kwa moyo mweupe.

Nilimtazama Rosette. Akasema, sasa Lynette, kule njugu marufuku, huku napewa za bure. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Ningeheshimu taasisi! Hivyo ndivyo ningefanya! Nilikimbilia bafuni. Ratiba ilisema ni zamu ya Chumba Kidogo.

Jumamosi, 14 Februari

Mzigo umefika. Friji nne, bampa za Corolla, masufuria yaliyofungwa pamoja kama wafungwa, na kitu chenye mafuta ambacho wachukuzi walikiita giaboksi. Godoro langu limesimamishwa ukutani. Shangazi aliliangalia, akashusha pumzi, akachukua simu. Najua ule mwendo wa kidole. Alikuwa anatafuta ndege.

Hapo ndipo Bi Hilwa aliponiona nimesimama na mto wangu. Akauliza, we mtoto, mbona umevimba hivyo? Nikaukumbatia mto. Shangazi akajibu kwa niaba yangu, kwamba nimekosa pa kulala na itabidi nirudi Kenya.

Bi Hilwa akaweka chini kikombe. Akasema, Teresiah, una wazimu? Arudi Kenya kwa sababu ya friji? Mimi siku ile nilimwita nimwambie: nitaitaka roshani wiki moja tu, mpaka chombo kipakie Hamriya, na wiki hiyo aje alale huku na Taghreed, kisha arudi kwake. Sikumaliza hata sentensi. Mtoto kakimbia, nasikia bomba. Nikadhani tumbo.

Mto ulinianguka. Ukatua juu ya giaboksi.

Wiki moja.

Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika, kwamba basi sawa, baada ya wiki nitarudi. Taghreed akaenda kwenye friji, akarudi na katiba, akasoma polepole: "Majimbo yakishaungana hayaachani milele." Akauliza nani aliandika. Bi Hilwa alicheka mpaka mtandio ukamvuka. Akasema mwanangu, mimi niliomba wiki, wewe umenipa milele. Mimi nani hata nikatae? Kule naanzisha ghala. Mzigo ukiondoka Hamriya, mwingine unaingia.

Kisha akamwambia shangazi aweke simu chini, khalas, mtoto halali barabarani. Nimepewa nafasi sebuleni kati ya Taghreed na Rosette, karibu kabisa na kiyoyozi, na blanketi zito la Bi Hilwa mwenyewe. Shangazi alimshukuru mpaka akamshika mikono. Akanigeukia akasema, umeona? Ungefungua mdomo mara moja tu, Lynette. Mara moja!

Nimetafakari maneno hayo kwa makini. Hayana uhusiano wowote na suala la kikatiba.

Pia nimearifiwa kwamba aliyehamia Sebule hapigi kura mpaka amalize mwaka. Rosette naye kanyimwa, lakini hajali, anatafuna njugu. Mimi ni mtu asiye na kura, ninayelazimishwa kula pilau.

Jumapili, 15 Februari

Nimelala vizuri kuliko siku zote tangu nije Dubai. Hiyo ndiyo mbinu ya madikteta.

Leo Taghreed alinifundisha karata na akaniachia nishinde, dharau ya wazi. Bi Hilwa kasema kuna mwanamke anayemfahamu, ana duka la mazulia, anatafuta msichana mwenye mwandiko mzuri wa kumwekea hesabu. Nimwendee kesho nikamwambie jina langu, hilo tu. Nikamwambia shangazi aende kwa niaba yangu. Shangazi akasema tutaona.

Lakini nimeligundua kosa, na si langu. Nchi ilikuwa ndogo mno! Shirikisho haliwezi kufanya kazi kwenye fleti moja. Wananchi wanajuana, wanapikiana, wanasaliti kwa njugu. Linataka ukubwa. Jengo hili lina ghorofa sita. Wafilipino, Wahindi wa Kerala, Wanepali, wale Wamisri wanaogombana kwenye lifti. Kila ghorofa jimbo. Fleti ya Bi Hilwa itakuwa kijiwilaya tu, na Taghreed atakuja kuniomba mimi visa.

Katiba mpya ina vifungu mia moja na arobaini, na safari hii ramani nimechora. Makao makuu yatakuwa darini, kando ya matangi ya maji. Nitaibandika kwenye lifti alfajiri, kisha nijifungie mahali. Wewe uliyesoma mpaka hapa ndiye mtu wa pekee anayejua. Kaa nalo. Usimwambie shangazi, usimwambie mlinzi wa mlangoni, na nakusihi kwa jina la Jamhuri, Rosette akikuuliza huku anakupa njugu, sema hujui lolote.